Vidonge visiende madhabahuni

Barua nne za mwezi huu, zote kutoka Tanga na wilaya za jirani, zinauliza jambo moja kwa njia nne: Mkristo ameze dawa za magonjwa ya akili, au asimeze? Wanaojibu ni daktari wa afya ya akili na mchungaji, wakiwa wamekaa meza moja.

Bwana asifiwe. Binti yangu ana miaka 22. Mwaka jana alianza kusikia sauti, akawa halali, anasema majirani wanamrekodi. Alilazwa wiki mbili. Sasa anameza haloperidol ya miligramu 5 usiku na Artane (ya kupunguza mitetemo) asubuhi, na kila mwezi anachomwa sindano. Ametulia, anapika, anakwenda sokoni. Ila mikono inamtetemeka na mate yanamtoka, anaona aibu. Kwenye maombi tumeambiwa kwamba dawa ni kumwekea Mungu mpaka, tuzilete Jumapili zikanyagwe. Tufanyeje? – Mama wa Makorora

Mama, shikamoo. Binti aende ibadani, dawa zibaki kabatini, na saa tatu usiku ameze kama kawaida.

Hatusemi hivyo kwa kuyadharau maombi. Tunasema kwa sababu tunajua jinsi dawa hizi zinavyotoka mwilini, na hapo ndipo familia nyingi zinapodanganyika. Mtu akiacha haloperidol leo, kesho haanguki. Kwanza anachangamka: mitetemo inapungua, mate yanakauka, uzito wa mchana unamwacha, uso unarudi kuwa wake. Na kwa anayechomwa sindano ya mwezi ndiyo zaidi, maana dawa ile imeyeyushwa katika mafuta ikawekwa ndani ya msuli ili itoke kidogo kidogo. Inaweza kumlinda wiki kadhaa baada ya sindano ya mwisho kupita tarehe yake. Basi wiki ya tatu kila mtu anaona muujiza. Ushuhuda unatolewa, kanisa linashangilia. Mwezi wa pili au wa tatu usingizi unaanza kukatika, anaanza kuziba madirisha kwa khanga, chakula anakinusa kabla ya kula. Kufikia hapo hakuna tena anayevikumbuka vile vidonge vilivyokanyagwa. Watasema pepo amerudi na wenzake saba. Kilichotokea ni kwamba dawa imeisha mwilini. Na kila anapoanguka upya, mara nyingi kumtuliza huwa kazi kubwa kuliko mara ya kwanza.

Sasa hiyo mitetemo. Hapo mna haki ya kulalamika, na pa kulalamikia ni kliniki. Haloperidol inapunguza kazi ya kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Ikipungua upande unaozaa zile sauti, inapungua pia upande unaoendesha misuli, ndiyo maana mikono inatetemeka na mate hayamezeki kwa wakati. Daktari anaweza kupunguza dozi, kurekebisha Artane, au kumhamishia kwenye risperidone au olanzapine ambazo kwa wengi hazitetemeshi kiasi hicho. Olanzapine nayo ina lake: inaleta njaa, mwili unanenepa na sukari inaweza kupanda, kwa hiyo apimwe uzito na sukari, na maandazi yapungue. Artane msiiongeze nyumbani hata kama mnaona inamsaidia. Ikizidi inamchanganya mtu, na ikimezwa usiku inafukuza usingizi, ndiyo sababu ameandikiwa asubuhi.

Siku ya kliniki bebeni kadi, vidonge vilivyobaki vikiwa kwenye pakiti zake, na daftari. Kwa wiki mbili kabla ya hapo andikeni kila asubuhi: amelala saa ngapi mpaka saa ngapi, mikono ikoje, kuna dozi aliyoikosa? Ukurasa mmoja wa namna hiyo unamsaidia daktari kuliko nusu saa ya kusimulia.

Kuna jambo jingine ambalo wapendwa wengi hawalijui. Siku za mwanzo za haloperidol, au dozi inapoongezwa, mtu anaweza ghafla kupinda shingo upande mmoja, macho yakapanda juu yakagoma kushuka, ulimi ukatoka nje. Anayeliona mara ya kwanza ataapa kwamba ni pepo, na wapo waliokemewa usiku kucha kwa ajili hiyo. Ni misuli iliyokazwa na dawa. Mkimbizeni hospitali, kuna sindano inayoyatuliza hayo ndani ya dakika chache hadi nusu saa, kisha dozi itapangwa upya. Lakini akipata homa kali pamoja na mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura. Msiishie kupima malaria kwenye duka la dawa na kurudi nyumbani. Semeni mlangoni kabisa kwamba anatumia haloperidol.

Ameze mpaka lini? Kwa aliyeugua mara ya kwanza, kwa kawaida angalau mwaka mmoja tangu atulie kabisa, kisha dawa ipunguzwe polepole kwa miezi, chini ya macho ya daktari. Mkiamini Mungu amemponya, mwambieni daktari hivyo hivyo, na ombeni mpango wa kupunguza. Uponyaji wa kweli hautaharibiwa na kupunguza dawa taratibu. Daktari akiwacheka, ombeni mwingine.

Mtatupiwa habari ya mfalme Asa katika 2 Mambo ya Nyakati 16:12, aliyeugua miguu akawatafuta matabibu. Usomeni mstari mpaka mwisho wake: kosa lake ni kwamba hakumtafuta Bwana. Hezekia alimtafuta, akaahidiwa kupona, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (Isaya 38:21). Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa, na dawa ikabandikwa vilevile. Na hapa hapa mkoani kwetu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, inayo hospitali ya magonjwa ya akili Lutindi, juu milimani Usambara, wilaya ya Korogwe, mahali palipoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kanisa lilikwisha kulijibu swali hili kwa matofali.

Mimi ni mwalimu na mzee wa kanisa. Tangu Januari naamka saa tisa usiku silali tena, chakula hakina ladha, madaftari ya wanafunzi yamenishinda kusahihisha. Nimeandikiwa fluoxetine miligramu 20. Leo ni siku ya tisa, sioni badiliko ila kichefuchefu. Je, si dalili kwamba jambo hili ni la kiroho? Na washirika wakiniona dirisha la dawa itakuwaje? – Mwalimu, Chumbageni

Mwalimu, siku ya tisa ni mapema mno. Dawa za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka kama hii yako, haziendi kama Panadol. Madhara yanakuja kwanza, faida inafuata, na kati ya hayo mawili ndipo watu wanapotupa pakiti. Ukimeza asubuhi baada ya chai, si tumbo tupu, kichefuchefu kwa wengi kinaisha katika wiki ya kwanza au ya pili. Kati ya wiki ya pili na ya nne usingizi na hamu ya kula ndivyo hutangulia kurudi, furaha inachelewa. Mke wako pengine ataliona badiliko kabla yako, utajikuta umemaliza sahani bila kusukumwa. Usiseme dawa imeshindwa kabla ya wiki nne hadi sita za kumeza kila siku. Zikipita bila kitu, dozi inaongezwa au dawa inabadilishwa, na hilo nalo ni la kawaida.

Kuna jambo wanaume hawaliandiki kwenye barua: fluoxetine inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa au kulichelewesha. Likikupata, mwambie daktari na mwambie mkeo. Wengi huacha dawa kimyakimya kwa sababu hii moja, halafu husingizia imani.

Zingatia pia wiki hizi za mwanzo. Wapo, hasa vijana, ambao hupata msukumo wa kutotulia na mawazo ya kujiua wakati dawa inaanza. Kama wazo hilo limepita kichwani hata mara moja, mwambie mtu leo, urudi hospitali bila kungoja tarehe ya kadi. Na kama utabadilishiwa upewe amitriptyline, dawa nyingine ya sonona, vidonge avitunze mkeo, akupe vya siku chache chache. Hivyo vikimezwa kwa wingi vinausimamisha moyo. Mnazi na gongo vikae mbali na dawa zote mbili. Diazepam, ile Valium ya duka la dawa, usijinunulie ya usingizi: hiyo ndiyo inayozoesha mwili, na haipaswi kupita wiki chache. Fluoxetine haikufanyi mtumwa wake. Ila ukiiacha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, hasira za bure na ndoto mbaya, kwa hiyo huachwa kwa kupunguza. Ukishapona endelea miezi 9 hadi 12. Anayeacha mara tu anapojisikia vizuri hujirudisha pale pale saa tisa usiku.

Kuhusu kuwa ni la kiroho: Eliya, muda mfupi tu baada ya ushindi wake mlimani Karmeli, alijilaza chini ya mretemu akaomba afe (1 Wafalme 19). Malaika hakumkemea wala hakumwuliza imani yake iko wapi. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Ubongo uliochoka unahitaji vitu vya mwilini. Omba daktari apime pia damu na tezi ya shingo, kwa maana upungufu wa damu na tezi iliyolegea huiga sonona vizuri sana.

Na lile dirisha la dawa? Tanga ni ndogo, kweli. Lakini dirisha hilo hilo hutoa dawa za presha na kisukari, na mshirika atakayekuona pale naye amesimama foleni.

Nina baipola (ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno), nameza carbamazepine asubuhi na jioni. Kanisani tuna mfungo wa siku 21 na mkesha kila Ijumaa. Naweza kushiriki? – Dada, Muheza

Mfungo unapangika, mkesha hapana. Carbamazepine meza na chakula kabla hujaanza kufunga alfajiri, na nyingine jioni unapofungua. Majirani zetu Waislamu wamezoea kupanga hivyo kila Ramadhani kwa futari na daku. Mwone daktari kabla ya siku ya kwanza ili saa mpya azikubali. Maji unywe. Mfungo mkavu ni hatari hasa kwa wanaotumia lithium, dawa nyingine ya baipola: mwili ukikosa maji na chumvi, lithium inajikusanya katika damu, na mtu anaanza kutetemeka, kuharisha na kuyumba kama mlevi. Huyo asifunge chakula wala maji. Afunge kitu kingine.

Mkesha ni habari nyingine. Kwa mwenye baipola, usiku mmoja bila usingizi unaweza kuwasha moto wote. Ataimba kwa nguvu kuliko wote, atahubiri mpaka alfajiri, watu wataona upako, na Jumatatu atakuwa anagawa vitu vya nyumba. Mwombe mchungaji akupe zamu ya maombi ya saa kumi na mbili asubuhi, nawe uwe kitandani saa nne usiku. Ukijikuta umelala muda wa saa tatu tu kwa usiku, siku mbili mfululizo, na huoni uchovu, nenda kliniki siku hiyo hiyo.

Hukuuliza, ila kama upo kwenye umri wa kuzaa: carbamazepine inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na valproate, dawa nyingine ya baipola na kifafa, inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya mimba. Mimba ikikukuta katikati, usiache dawa mwenyewe, wahi kliniki.

Nawezaje kutambua kama mtu ana pepo au ni mgonjwa? – Mchungaji, Pangani

Mchungaji, huhitaji kuamua kwanza. Mtu akiletwa amechanganyikiwa ghafla, mpeleke hospitali nawe uende naye ukiomba njiani. Malaria kali, sukari iliyoshuka, jeraha la kichwa, homa ya uti wa mgongo na bangi, vyote vinaweza kumfanya mtu aongee na asiowaona, na baadhi ya hivyo vinaua kabla ya asubuhi. Tone la damu kidoleni linaonyesha sukari kwa dakika moja. Mama aliyejifungua wiki mbili hizi akianza kusema maneno yasiyoeleweka au kumwogopa mtoto wake, hiyo ni dharura kama kutokwa damu. Mtoto asiachwe naye peke yake.

Mwenye kifafa asiambiwe kamwe aache dawa. Akiacha phenobarbital kwa ghafla, degedege linaweza kuja moja juu ya jingine lisikatike, na hapo watu hufa. Linapomshika, mlaze ubavu, toa vitu vya kumwumiza, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Likipita dakika 5, tafuteni gari. Kamba, fimbo na kunyimwa chakula visitumike kwa mgonjwa yeyote, hata kama familia yenyewe ndiyo inayoomba. Na ukimwita mtu mbele umwombee, mwulize kwa sauti ya chini ana dawa gani na amemeza lini mara ya mwisho.