Granada: Usile Saa Kumi na Mbili

Tuliingia Granada, mji wa kusini mwa Hispania, mwezi wa kumi, mimi na wifi yangu, saa kumi na mbili jioni, njaa inatukata. Karibu na kanisa kuu tukaona mkahawa wenye picha za vyakula zimebandikwa mlangoni na kijana anayekaribisha wapita njia kwa Kiingereza. Tukaingia. Paella iliyokuja ilikuwa wali wa manjano uliopashwa moto, na kamba wawili juu yake wamekauka kama walioanikwa. Wifi akaonja kijiko kimoja, akaweka uma chini. "Wifi, huu wali umelala."

Kosa lilikuwa letu. Saa kumi na mbili jioni mpishi wa Granada yuko kwake. Watu wa pale hula mchana kati ya saa nane na saa kumi, na chakula cha usiku hakianzi kabla ya saa mbili na nusu au saa tatu. Katikati majiko mengi yamezimwa, maduka madogo yamefungwa, na anayekupikia wakati huo mara nyingi anawapikia wageni tu. Kwa hiyo kama unakwenda, badilisha ratiba ya tumbo siku ileile ya kwanza. Asubuhi kula tostada: mkate wa kubanika, nyanya iliyosagwa, chumvi na mafuta ya zeituni unayojimiminia mwenyewe. Ukisema "media" unaletewa nusu, nayo yatosha. Mchana kula kwa kushiba. Halafu lala. Mimi nilikuwa naona aibu kulala mchana katika safari niliyoilipia. Siku ya tatu nilikuwa wa kwanza kufunga pazia.

Usiku ndipo Granada inapojitofautisha na miji mingi ya Hispania. Ukiagiza kinywaji baa, kisahani cha chakula kinakuja bila malipo ya ziada. Ndiyo tapa. Mara ya kwanza nilimrudishia mhudumu, nikamwonyesha kwa mikono kwamba hatukuagiza. Akacheka, akakisogeza tena mbele yangu. Ukiagiza kinywaji cha pili, kinakuja kisahani kingine, mara nyingi tofauti na cha kwanza. Si lazima iwe pombe. Sisi tulikunywa mosto, yaani maji ya zabibu yasiyochachuliwa, na tapa ilikuja vilevile. Simama kaunta kama wenyeji, kunywa kimoja au viwili, hamia baa ya jirani. Mitaa ya Realejo, kuzunguka uwanja wa Campo del Príncipe, ilitupendeza kuliko Calle Navas, ambako watalii tumejaa mno.

Kwa asiyekula nguruwe, neno moja muhimu. Kusema hutaki nyama hakutoshi, kwa sababu wahudumu wengi hawaihesabu jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, kuwa nyama. Ni kama kiungo tu. Imo kwenye maharage mabichi, imo ndani ya croquetas, vile vibonge vya kukaanga, hunyunyizwa juu ya supu baridi. Sema "sin cerdo, sin jamón", yaani bila nguruwe, bila jamón, yote mawili, kabla hujaagiza chochote. Hutalala njaa. Kuna boquerones, dagaa wakubwa wa kukaanga, wanaoliwa na limau. Na kuna biringanya. Hukatwa vipande vyembamba, hupakwa unga, hukaangwa hadi vikakamae, kisha humwagiwa asali ya miwa, nyeusi, nzito, yenye ule uchungu wa mbali wa sukari guru. Chumvi kwanza, utamu baadaye. Tuliiagiza kila usiku.

Alhambra, ngome ya kilimani ya wafalme Waislamu wa zamani, lazima uende, ila nunua tiketi wiki kadhaa mapema na ubebe pasipoti. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya kuingia majumba ya wafalme hao, ukoo wa Nasrid, na hapo hakuna cha "foleni ilikuwa ndefu". Siku hiyo usipange kitu kingine. Watu walikuwa wanakimbilia Ua wa Simba, wale simba 12 wa marumaru na nguzo zao 124, wapige picha waondoke. Wifi alibaki nyuma ukutani. Yeye alisoma chuo cha Kurani tangu mdogo, na maandishi yaliyochongwa kwenye plasta alikuwa anayafuata kwa kidole hewani, bila kugusa: Wa la ghaliba illa Allah. Hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Akalikuta tena juu ya mlango, tena dirishani, tena kwenye nguzo. "Wameliandika mpaka basi," akanong'ona. Na wafalme hao waliupoteza mji kwa Wakristo mwaka 1492. Tulikaa pale hadi walinzi wakaanza kututazama.

Baada ya hapo masikio yalifunguka, tukaanza kusikia Kiarabu ndani ya Kihispania. Zeituni kwao ni aceituna, sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán, na bwawa huitwa alberca, ambayo ni birika letu hilihili la kutawadhia. Hata "ojalá" wanayosema wakitumaini jambo inatokana na Kiarabu cha kumtaja Mungu.

Machweo kila mtu atakuambia ukwee Albaicín, mtaa wa kale wa kilimani, kwenye uwanja wa San Nicolás. Panda, ila fanya kama sisi: tulivuka tu ule umati tukaingia bustani ya msikiti ulio jirani, uliofunguliwa mwaka 2003. Mandhari ni ileile, Alhambra mbele na milima ya Sierra Nevada nyuma yake, na tuliswali alasiri bila kusukumana. Vaa viatu vya soli nene, njia nyingi ni za kokoto. Bebeni na sweta, mji uko juu na baridi ya usiku haina utani.

Zawadi: kando ya kanisa kuu kuna meza za viungo. Zafarani ya kweli ni nyuzi nyekundu na huuzwa kwa gramu. Wifi alininong'oneza kuwa amepata ya bei ya kutupa, mfuko mzima wa unga wa manjano. Nikamwambia hiyo ni rangi ya paella. Akaniambia namwonea wivu. Sikukuu ya Idi tulikula biriani yake, manjano kama koti la mvua, hainukii chochote.