Muulize Fundi: PHONO si tundu la simu

*Fundi, shikamoo. Marehemu baba ameniachia amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 1980 na spika zake mbili za mbao. Nimenunua waya wenye pini moja ya kuingia kwenye simu na upande wa pili pini mbili, nyekundu na nyeupe. Nyuma ya mashine matundu ni mengi, nikachomeka palipoandikwa PHONO nikidhani ndiyo ya simu. Sauti inatoka, lakini inakwaruza, besi inafurika, na mwimbaji ni kama yuko ndani ya pipa. Fundi wa hapa mtaani anasema mashine imekufa, ninunue sabufa. Nimwamini?*
*Msomaji, Muheza*

Marahaba, mwanangu. Usinunue kitu. Shusha sauti mpaka mwisho, zima mashine, halafu chomoa huo waya.

Hilo neno limewaponza wengi. Hapa Ngamiani, Tanga, nimeshaletewa amplifaya nzima kabisa, imefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, mwenyewe uso umemshuka kama anapeleka mgonjwa hospitali ya Bombo. Niliichomeka mahali pake ikaimba, nikaona hata haya kumdai pesa ya ufundi. (Nilimdai, lakini kidogo.)

PHONO ni tundu la mashine ya santuri, ile ya sahani na sindano. Sindano hutoa umeme mdogo mno, kama milivolti 5. Simu ikipandishwa sauti hutoa nusu volti au hata zaidi, yaani mara 100 na ushei. Tundu lile limetengenezwa likuze mnong'ono, wewe ukalipigia ukunga sikioni. Ndiyo hiyo mikwaruzo.

Na lile pipa? Sahani ya santuri hurekodiwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, kwa sababu besi ikiachwa ilivyo, mifereji ya sindano ingepanuka na sahani ingebeba nyimbo chache. Kwa hiyo saketi ya PHONO hufanya kinyume chake: hupandisha besi, hushusha nyembamba, mambo yakarudi sawa. Muziki wa kwenye simu haukupunguzwa chochote. Ukiupitisha pale unaongezewa besi ambayo haikuwahi kutolewa.

Sasa tazama tena nyuma ya mashine, utafute AUX, au CD, au TUNER, au TAPE. Lolote kati ya hayo linafaa, hata TUNER ambalo watu huliogopa wakidhani ni la redio peke yake. Penye TAPE tu ndipo pana mtego, maana matundu yake huwa jozi mbili. Yako wewe ni yale yaliyoandikwa PLAY au IN. Yale ya REC au OUT hupeleka sauti kwenye deki ya kaseti, ukichomeka huko utapata kimya kitupu, na yule fundi wako atasema "si nilikwambia?" Pini nyekundu ni kulia, nyeupe ni kushoto. Kisha geuza swichi ya mbele ielekee jina lilelile ulilochomekea.

Sauti ya simu ipandishe karibu na mwisho, ubakishe vidato viwili vitatu, halafu chumba ukiongoze kwa kitufe cha amplifaya. Wengi hufanya kinyume, simu chini na amplifaya juu, kisha wanakuja kwangu kulalamika kuwa muziki una mchanga. Simu ikikuonya kuwa sauti kubwa itakuumiza masikio, bonyeza kukubali uendelee kupandisha. Yenyewe inadhani umevaa spika za masikioni.

Ikiimba spika moja, kabla hujalaumu waya vua kava la simu. Makava manene huzuia pini isizame mpaka mwisho. Nimeona mtu ametupa waya tatu kwa ajili ya kava.

*Fundi, mimi nasikiliza vizuri mpaka nichomeke chaja. Hapo spika zinaanza kuvuma vuuu. Halafu mke wangu ana simu mpya isiyo na tundu la pini. Adapta niliyonunua inakubali kwenye simu ya shemeji, kwake inagoma. Kulikoni?*
*Msomaji, Pangani*

Huo mvumo ni uchafu wa umeme wa chaja, unaingia kwenye simu na kutokea kwenye waya wa sauti. Chaji kwanza, sikiliza baadaye. Ukitaka vyote kwa pamoja, jaribu pawabenki iliyochomolewa ukutani. Mara nyingi mvumo hukoma.

Adapta nayo haina ubovu. Muziki ndani ya simu huhifadhiwa kama namba. Kuna simu zinazozigeuza zenyewe na kutoa sauti kamili kupitia tundu la chaji, na hizo zinatosheka na adapta ya bei rahisi isiyo na kitu ndani zaidi ya waya. Nyingine hutoa namba tupu, zinataka adapta yenye chipu yake ya kuzigeuza ziwe sauti. Bila shaka ya shemeji ni ya kwanza, ya mkeo ni ya pili. Kwa macho adapta hizo mbili hazitofautiani, na muuzaji mwenyewe huenda hajui. Nenda dukani na simu ya mkeo, siyo yako, ijaribiwe palepale kabla hujatoa pesa.