Maswali yenu: mikoko ya Coringa, na mbona Dunga hakuna

Wiki jana niligusia hifadhi ya Coringa kule India, pale mto Godavari unapoingia baharini karibu na Kakinada, meseji zikamiminika. Haya, tuzijibu.

Mbona hapa Dunga, ufukweni Kisumu, hatuna mikoko? (Nyalenda)

Mikoko ni miti ya pwani, inaota kwenye tope pale maji ya chumvi yanajaa na kupwa kila siku. Ziwa letu Victoria ni maji matamu na halina kupwa na kujaa kwa bahari, kwa hivyo huku ukingo umeshikwa na mafunjo. Kazi yao inafanana, samaki wadogo wanajificha humo mpaka wakomae, na sisi tunayafyeka tu halafu tunauliza samaki wetu ngege wameenda wapi.

Mti unapumuaje ndani ya tope? (Ahero)

Wewe wa Ahero si unamjua samaki kamongo, anavyopanda juu kuvuta hewa? Basi mchu, aina moja ya mkoko, ni vilevile. Uko Coringa na uko kwetu Kwale pia, mizizi yake inachomoza juu ya tope kama penseli zimesimikwa, hewa inapitia hapo. Na chumvi inaitoa kwa majani. Mimi nilipelekwa Gazi nikaambiwa lamba hilo jani, nikadhani nachezewa, nikalamba, aisee, chumvi tupu, mpaka nikaomba maji.

Kuna simba? (Kondele)

Hakuna. Kuna paka mvuvi, mkubwa karibu mara mbili ya paka wako wa nyumbani, katikati ya vidole ana utando kidogo, anachutama ukingoni kimya akiona samaki anaingia majini mzima mzima. Fisi maji pia wako, aina tofauti na wetu ila mambo ni yale ya Dunga, samaki wa wavu ni wake. Na kasa wanataga kwenye mchanga wa Hope Island.

Ni kweli mikoko inazuia dhoruba? (Bondo)

Inapunguza nguvu ya mawimbi, kuzuia kabisa hapana. Coringa yenyewe ilikuwa bandari, Novemba 1839 kimbunga kikaja na bahari nzima, mji ukasombwa. Hifadhi imekuja baadaye sana, 1978, kilomita za mraba kama 235.

Sina pasipoti, nitaionea wapi? (Mamboleo)

Panda basi la Mombasa, ukifika shika matatu ya kuelekea Lunga Lunga ushukie Gazi. Kina mama wa pale wana daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Viatu vyeupe acha nyumbani.