Maswali ya Wasomaji: Kwa Pikipiki Hadi Tunduma, na Watu wa Njiani

SWALI: Ndugu Mhariri, natarajia kuchukua likizo mwezi wa Julai na kwenda kwa pikipiki yangu ya cc 150 kutoka Kibaha hadi Tunduma. Wenzangu kazini wananicheka, wakisema kwamba pikipiki ya bodaboda haiwezi safari hiyo na kwamba nitaishia kulala porini. Je, wanasema kweli? Na nikifika mahali nisipojulikana, nianzie kwa nani?
Msomaji, Kibaha

JIBU: Pikipiki hiyo itafika. Barabara ni ya lami mwanzo hadi mwisho, na kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni takriban kilomita 830, umbali ambao mtu asiye na haraka anaweza kuugawa kwa kulala Mikumi, kisha Iringa, kisha Mbeya, na kuumaliza bila kuumiza injini wala mgongo. Faida ya pikipiki kama yako haiko katika mwendo wake bali katika kujulikana kwake. Karibu kila mji mdogo wa njia hiyo una fundi aliyekwisha kuifungua injini ya aina hiyo mara nyingi, na maduka ya vipuri huuza plagi, tyubu, waya wa klachi na mnyororo wake. Mwenye pikipiki kubwa ya kigeni akiharibikiwa Makambako, atasubiri kipuri kitoke Dar es Salaam au ng'ambo. Wewe utasubiri fundi amalize chai.

Umeuliza uanzie kwa nani. Anzia kwenye kijiwe cha bodaboda, lakini ujue adabu zake. Kijiwe kina wanachama wake, kina mwenyekiti wake, na mgeni anayeingiza pikipiki katikati ya mstari wao huonekana kuwa amekuja kuwania abiria. Simama pembeni, zima injini, vua kofia ngumu ili sura yako ionekane, salimia, na useme unatoka wapi na unakwenda wapi kabla ya kuuliza chochote. Baada ya hapo utaelezwa fundi yupi ni mwaminifu, gesti ipi ina geti linalofungwa usiku, na sheli ipi watu wa hapo wanaiamini kwa mafuta yake. Kwa maoni yangu, dakika tano za kijiweni zina thamani kuliko ramani ya simu, kwa sababu ramani haijui kwamba mchanga ulimwagika kwenye kona asubuhi ya leo.

Kundi la pili ambalo utalitegemea, hata kama hamtazungumza, ni madereva wa malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Dereva wa lori aliye mbele yako akiwasha taa ya kulia huku hakati kona, mara nyingi anakuonya usimpite kwa kuwa kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, anakuambia njia iko wazi. Ichukue ishara hiyo kama ushauri na uhakikishe kwa macho yako mwenyewe, kwa maana yeye anaweza kuwa anakata kona kweli. Ukiona matawi mabichi yamelazwa juu ya lami, punguza mwendo papo hapo, kwani mbele kuna gari lililoharibika, na pengine limesimama katikati ya njia baada ya kona. Hayo yatakufaa zaidi Kitonga, mahali ambapo barabara inapanda mlima kwa kona kali, malori yaendayo juu yanatambaa, na yale yanayoteremka yanaacha harufu ya breki zilizoungua. Usijipenyeze kati ya lori na ukingo wa barabara hata kama wenyeji wanafanya hivyo.

Kabla ya Kitonga utapita Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambayo barabara kuu inaikata kwa takriban kilomita 50. Ipite mchana, polepole, na usishuke kupiga picha. Tembo aliye kando ya lami hana habari kwamba wewe uko likizo. Ukishatoka Mikumi na kuingia kwenye bonde la mibuyu, utafika Ruaha Mbuyuni, mahali ambapo vitunguu huuzwa kando ya barabara katika nyavu, na ukishapanda Kitonga utakuta nyanya za Ilula kwenye ndoo na matenga. Nashauri usimame hata kama hununui mzigo. Wauzaji hawa hukaa mahali pamoja tangu alfajiri, wanaona kila basi na kila lori linalopita, na wanapashana habari na madereva kutoka pande zote mbili. Nunua vitunguu vichache, uliza hali ya mlima, na utajibiwa kwa undani ambao hutaupata kwa askari wa trafiki. (Vitunguu hivyo vitapata kazi jioni: mama lishe wengi hawakatai kumkaangia mgeni alichokuja nacho.)

Julai si mwezi wa mvua kwenye njia hiyo, na hilo ni jema, lakini kuanzia Mafinga hadi Makambako kuna baridi ambayo mtu wa Pwani hadhani kwamba iko Tanzania. Asubuhi ukungu hulala juu ya misitu ya misonobari, na vidole vya mpanda pikipiki hufa ganzi hadi vinashindwa kubana breki. Beba glovu nzito na koti lisilopitisha upepo, na usiondoke kabla jua halijapanda. Waendesha bodaboda wa huko huvaa makoti makubwa mwaka mzima. Ukiwaona, usiwacheke, waulize wameyanunua wapi.

Kuhusu kulala porini, hakuna sababu ya kufanya hivyo kwenye barabara hii, kwa kuwa nyumba za wageni ziko kila mji. Ikiwa hata hivyo giza au hitilafu imekukuta kijijini, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji na ujitambulishe kwa kitambulisho. Mgeni aliyejitambulisha ni mgeni wa kijiji kizima, ilhali aliyejificha nyuma ya darasa la shule ni mtu wa kushukiwa, na usiku si wakati mzuri wa kuanza kujieleza.

SWALI: Mimi ni mwanamke, naishi Iringa, nina leseni ya pikipiki na uzoefu wa miaka kadhaa. Nataka kwenda peke yangu hadi Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Ndugu zangu wanasema si salama, na tena si heshima.
Msomaji, Iringa

JIBU: Hilo la heshima, dada, halina uzito. Wanawake wawili wa Uingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London Desemba 1934 kwa pikipiki aina ya Panther yenye kigari cha pembeni na tela nyuma, wakavuka Sahara, wakapita Kenya na Tanganyika, na kufika Cape Town katikati ya mwaka 1935. Jangwani injini iliwaharibikia, na huko Agadez ikabidi waijenge upya. Wewe unakwenda Tukuyu na Kyela kwa barabara ya lami.

Hilo la usalama ni la haki, na jibu lake ni kupanga saa. Jua lisikuzamie ukiwa bado unatafuta chumba. Ukifika mji wa kulala, kula kwanza kwa mama lishe na umuulize yeye mwenyewe ni wapi angemlaza binti yake. Swali hilo likiulizwa hivyo hupata jibu la kweli. Hosteli za makanisa, ambazo ni nyingi upande huo, mara nyingi zina mlinzi na ua uliofungwa. Utaulizwa kila mahali mume wako yuko wapi. Wengi huuliza kwa mshangao tu, na kusema kwamba kuna watu wanaokungoja mbele hutosha, nawe ufanye liwe kweli kwa kumpigia simu ndugu mmoja kila jioni. Tukuyu hunyesha sana, hata nje ya msimu. Beba koti la mvua juu ya mzigo, si chini yake.

SWALI: Mtu akinisaidia njiani, nimpe fedha? Na picha je?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Fundi mlipe, na mpatane bei kabla hajashika spana. Aliyekusukuma kutoka kwenye tope mnunulie soda, maana wengine huona fedha kama tusi. Watoto usiwarushie pipi kutoka kwenye pikipiki inayotembea, kwani watakaokuja baada yako watakimbiliwa barabarani. Picha iombe kwanza, na kambi za jeshi usizipige kabisa.

SWALI: Nikifika Tunduma natamani kuvuka Zambia na kuendelea hadi Lubumbashi, Kongo. Nijiandae vipi?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Beba pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na kadi ya pikipiki yenye jina lako. Ikiwa pikipiki si yako, pata barua ya mwenyewe iliyothibitishwa na wakili. Ulizia kwa wakala wa bima Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya chombo cha moto kinachovuka mipaka, ambayo inatambulika Zambia na Kongo pia. Ukivuka kuingia Nakonde, rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Ndani ya Zambia Kiswahili kitapungua kadiri unavyokwenda, nacho kitarudi Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia na Kongo, kikiwa kimechanganyika na Kifaransa, na madereva wa malori uliowazoea tangu Chalinze utawakuta wakisubiri kwenye foleni ya mpaka. Zungumza nao kabla ya kuvuka, kwa sababu Kongo huendesha upande wa kulia, na wao ndio watakaokuonyesha ni wapi hasa unapaswa kubadilisha upande.