Jani huvuna mwanga, hulinasa au hulifyonza?

SWALI: Nafundisha biolojia sekondari. Somo ni la Kiingereza, lakini nawaandalia wanafunzi muhtasari wa usanisinuru kwa Kiswahili. Niandike jani "huvuna", "hunasa" au "hufyonza" mwanga? Mwenzangu anadai "kuvuna" ni tafsiri sisisi.

JIBU: Mwalimu, kwanza sahihisho dogo la kichwa cha habari, ambacho nimekinakili kutoka kwenye barua yako: mwanga ni wa ngeli ya u-, kwa hiyo jani "huunasa", si "hulinasa". Sasa swali lenyewe.

Mwenzako ana hoja, ila amechelewa. "Uvunaji wa maji ya mvua" nao una sura ya tafsiri, na leo haumshtui mtu. Nyumbani kwetu maji ya mvua tuliyakinga, ndoo chini ya mchirizi, na ningetamani sana uandike "jani hukinga mwanga", maana limetandazwa kama sinia. Lakini huwezi. Mwavuli nao hukinga jua, na mwanafunzi ataelewa kwamba jani linazuia mwanga usipite.

Basi gawa kazi. Klorofili iachie "kufyonza": hufyonza zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, na wa kijani kidogo, ndiyo maana majani tunayaona ya kijani. "Kuvuna" kutumie kwa kundi zima la klorofili na karotenoidi (rangi za njano na za machungwa za jani) linaloitwa antena, kwa sababu mavuno hukusanywa yakapelekwa mahali. "Kunasa" nakuogopa. Ndege aliyenaswa na ulimbo haendi popote, ilhali nishati hii haitulii: kufumba na kufumbua ni muda mrefu mno kwake, imeshafika kwenye kitovu cha mmenyuko, mahali inapoanza kutumika katika usanisinuru.

Safari hiyo, katika muhtasari wako, umeiita "uhamishaji wa nishati". Si kosa, lakini unamfanya msomaji amtafute mhamishaji. Andika "klorofili hupokezana nishati", kama wakimbiaji wa vijiti, isipokuwa hapa wakimbiaji wamesimama na kijiti ndicho kinachokwenda.

Sentensi moja ningeifuta kabisa: "Jua likiwa kali, jani hupoteza nishati." Kupoteza ni kwa bahati mbaya, kama ufunguo. Jani hufanya kusudi. Mwanga ukizidi, tindikali huongezeka ndani ya vifuko bapa vya kloroplasti, kimeng'enya hugeuza karotenoidi moja, violaksanthini, kuwa nyingine, zeaksanthini, na antena huanza kutoa nishati ya ziada kwa njia ya joto kabla haijaleta madhara. Kivuli kikirudi, zeaksanthini hurudishwa taratibu ilikotoka. (Jina hilo lina mahindi ndani yake: Zea ni jina la kisayansi la jenasi ya mahindi, na rangi hiyo ni mojawapo ya zile zinazoyapa mahindi ya njano unjano wake.) Kwa hiyo andika "hutoa nishati ya ziada".

Na hapa kitenzi changu kinapata nafasi, kikiongezewa ji- tu: "Jua likiwa kali, jani hujikinga."