Jibu: Rangi ya plastiki kwenye ukuta wa mawe bustanini

Ndugu, umeuliza kama ukuta wako wa mawe asilia unaweza kupakwa rangi ya plastiki ya nje. Kupakika unapakika, lakini nakusihi usifanye hivyo. Ukuta wa bustani hunyonya maji kutoka ardhini, hasa kama upande wa nyuma umeegemewa na udongo, na maji hayo lazima yatafute pa kutokea. Rangi ya plastiki huyazuia, kisha inafanya malengelenge na kubanduka. Kuikwangua kwenye mawe yenye mabonde ni mateso.

Kwanza dondoshea jiwe maji kidogo. Yakinywewa upesi, tumia chokaa badala ya rangi ya plastiki. Yakiteleza tu, jiwe halinyonyi, au lilishapakwa dawa ya kuzuia maji, na chokaa itapukutika. Mawe ya namna hiyo mimi ningeyaacha na rangi yake, maana ni mazuri yalivyo.

Chokaa iwe nyepesi kama maziwa. Loanisha ukuta kabla ya kupaka, epuka jua kali, na upake mikono 3 au 4, kila mmoja ukauke kwanza. Vaa miwani na glavu, chokaa inaunguza macho vibaya sana.

Ukiona unga mweupe umejitokeza juu ya mawe, ni chumvi: usugue kwa brashi kavu, usiuoshe, maana maji huirudisha chumvi ndani. Brashi isiwe ya waya wa chuma, huacha madoa ya kutu.

Anza na kipande kilichojificha, ukiangalie kikishakauka kabisa.