Usingizi ulinirudia Dunga

Wiki jana dada mmoja wa Nakuru aliniandikia. Mkataba wake wa kazi haukuongezwa, usingizi umemkimbia, anauliza mimi nilifanyaje. Dada, nakuelewa. Kuna ofisi hapa Kisumu niliyoitumikia kwa miaka, nikawafundisha kazi watu walionipita vyeo, kisha nikaambiwa nafasi yangu haipo tena. Hadi leo nikipita karibu na jengo lile roho huniuma. Lakini usiku nalala, tena fofofo.

Nilikuwa nimeshamaliza ushauri wote wa marafiki. Jioni moja ya Februari, joto la kiangazi likiwa limeufanya mji mzima kuwa tanuri, nilishuka Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, kununua samaki. Mama samaki akasema ngege, yaani tilapia, ndiyo kwanza wanaingia kwenye mafuta, ningoje. Simu ilikuwa imezima chaji. Nikaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kwa kukosa la kufanya.

Mbele yangu mdiria, yule mwenye madoa meusi na meupe, alisimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga mbio, kichwa kimetulia tuli. Akajitupa, akatoka mtupu. Akarudi juu. Mara ya pili, mtupu. Aliponasa kasamaki, alitua kwenye mti wa kufungia mitumbwi akakapigapiga kwenye mbao, kushoto, kulia, kabla ya kukameza. Nilimfuata kwa macho mpaka nikasahau kilichonileta.

Halafu upepo ukakata. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka ziwani kuja mjini. Usiku nchi ikipoa, hugeuka ukaelekea ziwani. Hapo katikati, jua linapozama, kila kitu hutulia, hata mafunjo hayatikisiki. Nasi tulio jirani na ikweta hatupewi muda mrefu, giza huingia mara moja. Wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani wanaovutwa na taa gizani, walikuwa wakipakia taa zao, maana usiku huo haukuwa na mwezi. Mabega yangu yalikuwa yameshuka bila mimi kuyaamuru. Usiku ule nililala hadi adhana ya alfajiri.

Basi ndugu zangu, sikilizeni. Tumefundishwa kwamba kupumzika ni kulipia hoteli na kupiga picha za kuwaonyesha watu. Si kweli! Zima simu, keti, tazama kiumbe kimoja kikifanya kazi yake. Usiende na mtu wa kukupigia porojo za ofisini. Zima simu, nasema tena. Waliokuonea hawastahili jioni zako pia. Wamekwisha chukua mchana wako wa kutosha. Ila kwa wa huku ziwani, giza likishika ondokeni kwenye nyasi za ukingoni, viboko hutoka majini usiku kuja kulisha.

Nawe dada wa Nakuru, huna haja ya kusafiri hadi Kisumu. Panda Menengai, ule mlima wa volkeno hapo kwenu, ukae ukingoni pa ile kreta, shimo lake kubwa, uangalie chini kivuli kikijaa taratibu. Usiende peke yako, nenda na ndugu yako asiyependa maneno mengi. Fikeni kabla ya saa kumi na moja, mteremke kungali na mwanga, na beba sweta, kule juu kuna baridi hata kiangazi. Ukirudi, niandikie umelala vipi.